Mbao za Mforosadi na Mbao za Mpopla

"Mbona kitanda chenu kimevaa viatu viwili tofauti?" jirani yangu Hanifa aliniuliza asubuhi moja, akichungulia juu ya ukuta wa udongo.

Kitanda chetu cha uani, tunapolia chakula na kunywea chai chini ya mzabibu, kilikuwa kimeoza upande mmoja kwa theluji. Mbao za mforosadi zilizosalia alizipiga randa marehemu mume wangu, akazipaka maji ya maganda ya jozi, yale yatiayo mbao rangi ya kahawia. Mahali alipokuwa akiweka magoti kwa sala ya alfajiri pamepauka na kulainika. Upande ulioharibika, shemeji yangu Kobiljon aliuwekea mbao za mpopla, nyeupe kama unga. Na Jumapili walikuwa wanakuja wanawake kumposa binti yangu Zumrad. Hao macho yao hufika hata chini ya mkeka.

"Niachie mimi, shemeji," alisema Kobiljon. "Nitazifananisha hadi usijue ipi ya ndugu yangu, ipi yangu."

Alichemsha maganda ya jozi, akapaka. Zikiwa mbichi zilipendeza, zilipokauka zikawa rangi ya chai ya mgonjwa. Akarudia. Mpopla ule ukanywa kama mtu aliyefunga mchana wa kiangazi, hapa ukashiba, pale ukabaki na kiu, ukaota madoa kama chui. Nikasema lahaula. Akaenda sokoni, akarudi na rangi ya kopo, akachanganya, akaonja kwa jicho moja.

"Tukipeleke juani tukitazame vizuri," nilimwambia.

"Shemeji, wewe kapike pilau. Rangi niachie mwenyewe."

Pale chini ya mzabibu ilifanana kweli. Hata Hanifa alisema mashallah, naye husema kwa shida.

Jumamosi tulikivuta katikati ya ua, maana vuli ilishaingia na baridi yake, na wageni wangetaka kuota jua. Jua likapiga. Mbao mpya zikawa nyekundu kama bitiruti.

"Ehe!" Hanifa akasema kutoka ukutani. "Sasa kimevaa na soksi!"

"Majani yamenidanganya!" Kobiljon akafoka. "Kijani chote kile cha juu kiliuficha wekundu! Basi. Napiga msasa zote, mpya na za zamani, napaka rangi moja nyeusi. Yaishe."

"Za zamani usiziguse."

"Wageni ni kesho! Mtoto akose mume kwa sababu ya alama ya magoti?"

"Baba mdogo," Zumrad akasema, ufagio mkononi, "atakayenikataa kwa ajili ya mbao, heri anikatae mapema."

"Wewe nyamaza, wewe ndiye unayeposwa!"

Alikwisha kuinama na msasa wake. Nikavua viatu, nikapanda, nikakaa palepale palipopauka, nikatoa tasbihi yangu.

"Shuka, shemeji."

"Astaghfirullah," nikahesabu. "Astaghfirullah."

"Nitapiga msasa na wewe ukiwa juu!"

"Haya, piga. Anza na goti langu hili la kushoto, ndilo linalouma."

Hanifa akacheka hadi kilemba kikamtoka. Kobiljon akanitazama, akamtazama Hanifa, akazitazama mbao zake nyekundu. Akautumbukiza msasa ndani ya kopo la rangi, akalichukua kopo, akatoka langoni.