Shangazi Afungiwa Barua za Nje

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Mkurugenzi aliniita ofisini kwake, akanipa karatasi yenye majina saba na kuniambia kwamba kuanzia siku hiyo watu hao wasitume barua pepe nje ya kampuni.

"Ndani waandikiane mpaka vidole viote sugu," alisema. "Nje, hapana. Nukta."

Hivyo ndivyo alivyomaliza maneno yake siku zote, na ndiyo maana kiwanda kizima kilimwita Nukta, ila si mbele yake. Kiwanda chetu ni cha magodoro. Mimi ndiye ninayeangalia kompyuta zote pamoja na seva ya barua pepe, mashine inayokaa peke yake kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Mpaka leo chumba kinanuka dawa ya sakafu.

Nikapitisha macho kwenye orodha. Madereva wawili, walinzi wawili, fundi bomba, mpishi wa kantini. Na katikati yao, jina la tatu kutoka juu, shangazi yangu.

Ni dada wa baba, tumbo moja. Ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika kabla sijavaa sare ya shule, kwa rula mkononi. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye dawati la malalamiko ya wateja. Nilipoajiriwa, niliendelea kumwita Shangazi kama nyumbani, wenzangu wakadaka, na baada ya mwezi mmoja hata Nukta alikuwa akimwita Shangazi, ingawa wamelingana umri.

"Mzee, Shangazi kafanya nini?" niliuliza.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta yake. Mwenye nyumba moja ya wageni alikuwa amelalamika kwamba magodoro yake mapya yamebonyea katikati kabla ya miezi miwili. Shangazi alimjibu: "Mteja wetu mpendwa, una haki ya kukasirika. Magodoro hayo ni mabovu. Mimi mwenyewe nimelilalia moja, nikaamka kama mtu aliyepigwa. Nafuatilia ubadilishiwe." Yule bwana alifurahi mno kupata jibu la kibinadamu hivi kwamba alilisambaza kwa rafiki zake wote wenye nyumba za wageni. Mmoja wao akaona ni vyema Mkurugenzi naye acheke.

Nukta hakucheka.

"Na hawa wengine sita?"

"Hawajafanya kitu. Lakini nikimzuia mmoja peke yake itaonekana namwonea."

"Na barua zinazoingia kutoka nje, nazo nizizuie?"

"Zina ubaya gani? Wateja waache waandike. Mimi nimesema wasitume. Hujui tofauti ya kuingia na kutoka?"

Ningeweza kumweleza kitakachotokea kwa mtu anayepokea malalamiko bila kuruhusiwa kuyajibu. Sikumweleza. Niliogopa, basi. Nikaenda stoo ya mafagio, nikafungua kundi jipya kwenye seva, nikaliita "ndani tu", nikaanza kuingiza anwani. Nilipofika ya tatu nikairuka. Nikamaliza zote, nikarudi, nikaiingiza huku nimekunja uso kama mtu anayechomwa sindano. Kisha nikaandika ujumbe ambao seva ingemrudishia yeyote kati yao atakayejaribu: "Samahani. Huruhusiwi kutuma barua nje ya kampuni."

Haikupita robo saa simu yangu ya mezani ikalia.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya Shangazi, "mashine yako imelewa. Kila ninachotuma kinarudi."

"Shikamoo, Shangazi. Haijalewa. Ni... ni utaratibu mpya."

Nikamsikia akiusoma tena ule ujumbe kwa sauti ya chini.

"Haya maneno ameandika nani? Nukta hajui neno samahani."

"Mimi."

"Ahaa," alisema, akakata simu.

Saa saba mama yangu akanipigia. Hakunisalimu. "Eti umemfunga mdomo dada wa baba yako?" Nikamwambia si mdomo, ni barua pepe, tena za nje tu, za ndani anatuma bila shida. Mama akaniuliza kama nikifungiwa mlango wa mbele wa nyumba nitafurahi kuambiwa kwamba vyumbani naweza kutembea. Nikasema mtandao unasumbua, simsikii vizuri. Akasema yeye ananisikia vizuri sana.

Mkuu wa utumishi alibandika tangazo ubaoni, lenye sahihi ya Nukta, kwamba wafanyakazi waliotajwa wamezuiwa kuandika nje, na kwamba "mawasiliano ya ndani, ngazi zote, yataendelea kama kawaida". Madereva walilipita bila kulitazama. Mpishi alilisoma mara mbili, akalipiga picha. Jina lake lilikuwa halijawahi kubandikwa popote pamoja na sahihi ya mkubwa. Shangazi alisimama mbele ya tangazo muda mrefu, miwani imeshukia puani, kidole kwenye maneno mawili: ngazi zote.

Jumanne asubuhi Nukta alikuta barua thelathini na nne kutoka kwa Shangazi. Kila moja ilikuwa na malalamiko ya mteja, chini yake jibu la Shangazi lililokamilika, na chini kabisa: "Mkurugenzi, naomba umfikishie mteja. Mimi nimezuiwa. Wako mtiifu." Jumatano zilikuwa hamsini na moja. Alhamisi nikaitwa.

"Mzuie asiniandikie."

"Mzee, tangazo linasema ngazi zote. Na sahihi ni yako."

"Najua sahihi ni yangu!" Alivuta pumzi. "Basi nitawajibu mwenyewe. Kuna ugumu gani? Mtu anaeleza, unamshukuru, unafunga."

Akaanza. Aliwaandikia wote maneno yaleyale: "Tumepokea maoni yako na tunayathamini sana." Majibu yalirudi kabla hajamaliza chai yake. Fundi seremala mmoja alimwuliza kama anathamini pia mgongo wake. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni alimrekebishia sentensi. Wengine waliandika swali moja tu: yule mama yuko wapi?

Na mmoja hakuandika tena. Alikuja.

Ijumaa saa nne nilikuwa mapokezi narekebisha mashine ya kuchapa, akaingia mama mmoja wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi, nyuma yake wabeba mizigo wawili na godoro. Akawaelekeza waliweke katikati ya ukumbi, akawashukuru, akavua viatu, akavipanga sawasawa kando, akalala chali.

"Dada, huwezi kulala hapo," alisema msichana wa mapokezi.

"Nimetoka zamu ya usiku. Na kitandani kwangu hapalaliki, kwa sababu ya hili. Nimeandika mara tatu nikaambiwa maoni yangu yanathaminiwa. Nitalala hapa hadi aje aliyeyathamini."

Wafanyakazi wakaanza kujaa kama kuna mnada. Nukta akateremka ngazi na koti lake na tai yake, akajipa sura ya upole.

"Mama, bidhaa zetu zimepimwa kitaalamu..."

Muuguzi akasogea pembeni, akapiga godoro kwa kiganja. "Lala."

"Nini?"

"Lala, baba. Mimi nawaambia watu wazima walale kila siku, wala siumizi."

Nukta alitutazama, akaona kwamba akikataa itasemwa miaka kumi. Akakaa, akajilaza. Godoro likammeza. Kichwa kilibaki huku, visigino kule, na kiuno kikashuka hadi sakafuni. Alijaribu kuinuka. Akarudi chini. Akajaribu kwa ubavu. Tai ikamfunika uso. Mpishi, aliyekuwa nyuma yangu, alitoa sauti kama birika linalochemka, akakimbilia nje.

Ndipo tukasikia viatu vya Shangazi kwenye ngazi. Alishuka taratibu, kitambulisho shingoni, akasimama kando ya godoro.

"Mkurugenzi, nikuandikie au niseme kwa mdomo?"

"Sema," alijibu Nukta kutoka ndani ya godoro.

"Sponji ya katikati imepunguzwa unene."

"Nani kairuhusu?"

"Wewe. Uliwaandikia karakana mwezi wa tatu, nakala ukaniletea mimi. Ilikuwa barua ya ndani, kwa hiyo hakuna mteja aliyeiona. Nimeitunza."

Muuguzi na Shangazi ndio waliomwinua, mmoja kila mkono. Hakusema nukta wala mkato. Alijipangusa suruali, akamwomba muuguzi radhi kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akamwamuru mkuu wa stoo atoe godoro moja kati ya yale ya zamani, manene, lipelekwe nyumbani kwa mama huyo na gari la kampuni. Kisha akapanda ngazi bila kumtazama mtu.

Mchana huohuo kulibandikwa tangazo jipya: dawati la malalamiko limeondolewa kwenye zuio "kwa majaribio". Hakuna aliyejua kinachojaribiwa. Wiki iliyofuata karakana ilirudishiwa sponji ya awali, na Shangazi akaanza kuwajibu wateja wake mmoja mmoja.

Kwangu mimi, hakuandika wala hakupiga. Kantini alikaa meza ya mbali. Jumapili nikaenda kwake. Nilimkuta uani anafua.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi kwa kukuzuia."

"Umeajiriwa. Ukiambiwa funga, utafunga. Hilo halikunikasirisha." Alichovya shuka kwenye beseni, akalitoa. "Kutoka stoo yako hadi mezani kwangu ni hatua ngapi?"

Nilifikiri. "Arobaini. Labda hamsini."

"Hatua hamsini hukuweza kutembea, ukaituma mashine ije kuniambia. Na samahani yako ukaiweka humohumo."

Nilisema kweli: kwamba niliogopa uso wake kuliko nilivyomwogopa Nukta.

Alinitazama kidogo, akanirushia ncha moja ya shuka. "Kamua."

Nikakamata. Yeye akazungusha huku, mimi nikazungusha kule, maji yakatiririka miguuni mwetu, viganja vikaniwaka moto. Nilipodhani tumemaliza, akaingiza mkono kwenye beseni akatoa la pili.