Mchumba wa Homoni

Desturi inamtaka mposaji abaki kwao, ajifanye hayamhusu, na wakubwa wamsemee. Lakini Johannesburg nzima Nassir hakuwa na mkubwa wa kumsemea. Wajomba walikuwa Tanga, na babake alishatangulia mbele ya haki. Ndipo Papa Ruphin, jirani yake wa mtaa wa Observatory, fundi cherehani kutoka Bukavu, alipojitolea kuwa mshenga. Alivaa suti yake ya kanisani na kuapa kwamba atachunga ulimi. Hakuwa na gari, kwa hiyo mposaji mwenyewe alimpeleka hadi Fordsburg, akaegesha chini ya ghorofa ya kina Tumu, binti aliyetaka kumposa, akabaki garini.

Haukupita muda, dirisha la juu likafunguka.

"Wewe! Mchumba wa homoni! Panda juu!"

Alikuwa Bi Shufaa, bibi yake Tumu, na sauti yake ilimfikia kila muuza vitambaa wa mtaa ule. Nassir alipanda ngazi masikio yakimwaka. Akamkuta Papa Ruphin kwenye kochi, anajifuta jasho.

"Nimesema tu ukweli, mwana," Ruphin alijitetea. "Wameuliza kazi yako. Nikawaambia, unatafuta vile ubongo inatengeneza homoni ya uzazi. Ni kazi ya maana!"

Baba yake Tumu, Bwana Muhammad, alikohoa kidogo. "Mwanangu, elimu siipingi. Lakini mtu hachimbi kisima bila kiu. Kijana mzima, badala ya kusomea moyo au meno, anasomea uzazi! Binti ninaye mmoja, na wajukuu nawataka. Nieleze kazi yenyewe ni ipi, kisha unieleze kwa nini wewe."

Chini ya pazia la mlango wa ndani Nassir aliona vidole vya miguu vilivyopakwa hina.

"Ndani ya ubongo, Baba, kuna seli chache zinazoamuru mwili ubalehe na uzae. Haziitengenezi homoni moja kwa moja. Huanza na protini ndefu, mtangulizi wake, ambayo baadaye vimeng'enya..."

Bi Shufaa alipiga mwayo wa kuonyesha meno yote yaliyobaki. "Mjukuu wangu, umri wangu umekwenda. Usinimalizie kilichosalia."

"Basi chukua muwa, Bibi. Mgeni humpi muwa mzima autafune. Unaukata kwenye mafundo, unaumenya, unampa kipande. Seli nazo ni hivyo hivyo. Zinaunda muwa mrefu, na zina visu vidogo vinavyojua fundo la kukata. Kipande kimoja kifupi ndicho homoni. Kinashuka hadi kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayoamsha mwili. Visu vikikosea, muwa unabaki muwa. Mtoto anaongeza miaka, lakini habalehi."

"Na wewe kazi yako kuvichungulia visu?"

"Kwenye seli za panya, Bibi."

"Maskini panya! Hata siri zake za chumbani hamkumwachia!"

Pazia lilitikisika. Bwana Muhammad hakucheka. "Hilo la kwanza nimelielewa. La pili bado."

Papa Ruphin alitikisa kichwa taratibu, kama anayemwambia: usithubutu. Jibu jepesi lilikuwepo. Angesema profesa ndiye aliyempa mada, na wala asingekuwa ameongopa sana. Lakini Tumu alikuwa anaujua ukweli, na Nassir hakutaka kuingia nyumba hii kwa jibu ambalo Tumu angelazimika kumfichia.

"Nilichelewa kubalehe, Baba. Wenzangu waliota ndevu, mimi bado nasimama na watoto kwenye kaswida. Nilitaniwa mpaka nikaacha kwenda mpirani. Baadaye mwili uliamka wenyewe, na daktari akasema sina kasoro. Lakini wapo ambao miili yao haiamki. Natamani siku moja mtoto kama huyo aelezwe kilichokwama, asiambiwe amerogwa."

Papa Ruphin alifunika uso kwa leso.

"Muhammad," Bi Shufaa akasema polepole, "hivi wewe ulianza lini kunyoa?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Maana siku ya arusi yako nilikupaka wanja juu ya mdomo ili wakweo waone masharubu."

Bwana Muhammad alikagua dari kwa muda mrefu. Kisha akainuka. "Ngoja nikamuulize mwenyewe."

Akapotelea nyuma ya pazia. Kila mtu anajua kwamba mwali akiulizwa, kunyamaza kwake ndiko kukubali. Nassir alitega sikio kuusubiri ukimya huo. Badala yake akasikia kicheko, kicheko kirefu kilichozibwa kwa kanga kikashindikana kuzibika.

Bwana Muhammad alirudi, uso umekaza. "Hakunyamaza."

"Amesema nini?" Ruphin aliuliza kwa woga.

"Hajasema neno. Kacheka tu."

"Basi mnangoja nini?" Bi Shufaa akaruka kutoka kitini. "Anyamazaye kakubali. Anayecheka kakubali na nyongeza!" Akalifuata dirisha, akapiga kigelegele hadi honi za magari zikajibu kutoka chini.

"Ni ndiyo?" Papa Ruphin alimshika Nassir mkono. Alipoona machozi ya kijana, akanyanyua mikono juu: "Aleluya!" Mara akakumbuka alipo, akaziba mdomo.

"Wewe sema tu, Papa," Bi Shufaa akamwambia. "Huko juu hakukosi mkalimani."