Anayeitika kwenye Kiti cha Mama

Jumanne saa nne asubuhi mkaguzi wa kivinjari, programu ya kufungulia tovuti, aligundua tundu la usalama. Programu ilipomaliza kazi na picha iliiondoa, ikaacha nafasi yake wazi, kisha ikaendelea kuiita kwa jina lile lile. Tovuti yenye hila ingeweza kuketisha kitu chake hapo. Kikiitwa kinaitika, na kompyuta inakitii. Aliandika taarifa ya kurasa mbili, akaiwekea alama nyekundu.

Ofisini kwao, kila Ijumaa saa kumi, bosi hufunga taarifa zote zilizobaki, hata zisizotatuliwa, ili ubao wa ukutani uonyeshe sifuri na wakubwa wa ghorofani wapumzike kwa amani. Hii nayo aliifunga. Alimwambia yule dada mkaguzi asimtie presha, toleo jipya lilikuwa linatoka Jumatatu.

Jumamosi baba yake mkaguzi alikuwa akisoma habari kwenye kivinjari hicho hicho, tangazo la miwani likajifungua lenyewe. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, lakini mzee bado alikiamkia kiti cha marehemu kila asubuhi: Mama Sukari, umeamkaje? Jumapili kiti kiliitika. Mwanamume wa makamo alikuwa amekikalia, shati limepigwa pasi. Mzee akammiminia chai.

Binti yake mkaguzi alipofika na kumkuta, aliikumbuka ile nafasi wazi aliyoiandikia taarifa. Jirani naye alikuwa na mgeni wa aina hiyo, kwenye kitanda cha mwanawe aliyehamia chuoni, na alilalamika tu kwamba anamaliza mkate. Mkaguzi alimsihi baba yake aache kuita lile jina, maana asiyeitwa hana nguvu.

"Nikiacha kumwita, mwanangu, nitakuwa nimemzika mara ya pili."

Jumatatu alimwomba bosi aifungue tena taarifa. Bosi alikataa; naye alikuwa na mgeni kama huyo nyumbani tangu wikendi, na alimsifu kwamba ni mtulivu kuliko mke aliyemkimbia. Toleo likatoka saa sita, watu wakapiga makofi.

Jioni, mkaguzi akiwa peke yake nyumbani kwake, baba alipiga simu.

"Mama Sukari kaomba ule ufunguo wa akiba wa nyumba yako. Nimempa tangu mchana."

"Baba, yule si mama."

"Najua. Lakini nikimwita, ndiye anayeitika."

Nyuma ya mkaguzi kitasa kilizunguka taratibu, bila kulazimishwa, na mtu akafuta viatu mlangoni kabla ya kuingia.