Kadi za Wifi

Karakana yetu ya saa ina sheria moja: saa ikiingia, inafungwa kadi. Mbele unaandika kasoro. Ikishapona unaigeuza kadi, unaandika sababu. Sheria hiyo ni ya marehemu baba mkwe. Mimi na wifi yangu, binti yake, tumeifuata miaka kumi na minne, meza zetu zikitazamana, na hatujawahi kukosana zaidi ya kununiana kidogo.

Mwaka huu nikaanza kumwandikia wifi kadi.

Ya kwanza niliitundika kwenye stuli yake: "Kasoro: anapiga mluzi." Ya pili: "Anapumua kwa kelele." Skrubu zilikuwa zinanidondoka, mikono inatetemeka, moyo unanienda mbio, nikaapa kuwa ni yeye. "Anaficha skrubu," nikaandika kwa herufi kubwa. Akasoma, akacheka, akaendelea na mluzi wake. Nusura nimrushie nyundo.

Siku nyingine machozi ndiyo yalikuwa karibu. Saa ya bibi mmoja ilianza kutembea tena, nikaangua kilio, nikamkumbatia wifi na kubwabwaja sijui nini mpaka kola yake ikalowa. Kesho yake nikaandika: "Ana mabega magumu."

Mwishowe nikamwambia mume wangu nahama karakana, sikai tena na dada yake. Nilikwishapata chumba mtaa wa pili. Maskini, alikosa hata pa kutazama.

Aliyenikokota kwa daktari ni wifi mwenyewe. Aliona shingo yangu imevimba, jambo ambalo mimi, mwenye lenzi jichoni kutwa nzima, sikuliona.

"Tezi ya shingo inamwaga homoni kupita kiasi," daktari alisema baada ya vipimo. "Zikizidi hivi, hata ubongo unasumbuka. Jambo dogo unalipokea kama hatari. Hasira inawahi, utulivu unachelewa."

"Kumbe nakimbia, kama saa mbovu," nikasema.

"Unakimbia, mama. Tutakupunguza mwendo."

Nikameza vidonge. Wiki zikapita, mikono ikatulia, na mluzi ukawa mluzi tu. Hapo ndipo aibu iliponishika. Sikutaka kuhama tena hata kidogo, ila niliogopa kwamba sasa wifi ndiye atakayeniambia nihame.

Asubuhi moja nikakuta kadi zangu zote zimepangwa mezani kwangu, kumi na saba, na kalamu pembeni.

"Wifi, kazi hujaimaliza," akasema. "Geuza, andika sababu."

Nikageuza. Skrubu: homoni. Kupumua: homoni. Mabega: homoni. Kwenye mluzi nikasita.

"Huo je?"

"Huo ni wewe, wifi. Hujui kupiga."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akatoa mfukoni kadi nyingine, imekunjwa, kwa mwandiko wake: "Kasoro: alinikumbatia akasema mimi ni ndugu yake kuliko wote aliozaliwa nao."

"Na hii?" akauliza. Alikuwa akitazama dirishani, kama mtu ambaye jibu lolote kwake ni sawa. Vidole vyake vilikuwa vimeikamata stuli barabara.

Nikaigeuza kadi. Sikuharakisha, na mkono haukutetemeka.

"Sababu: miaka kumi na minne."