Mafuta ya Mwali

Pili aliengua mafuta ya nyonyo kwa upawa, akayamimina kibuyuni polepole, kisha akakiziba kibuyu kwa gunzi la muhindi. Mbegu alizikaanga tangu alfajiri, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakapanda juu ya maji. Ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mkeka, binti yake Asia alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, maana mwali haimbi akasikika njiani. Honi ya motokaa ikalia huko barabarani. Asia akaiigiza papo hapo, na mbuzi wa jirani, waliokwisha kukimbia honi ya kwanza, wakakimbia tena. Pili akacheka mpaka akashika mbavu. Jua lilipopinda akaja tarishi wa akida, akakichukua kibuyu, akaenda zake.

Motokaa ile ilikuwa ya Mdachi mmoja mwenye machimbo ya ulanga, yale mawe ya kumetameta, juu ya Mkuyuni. Jina lake lilikuwa gumu kutamkika, kwa hiyo watu walimwita Bwana Ulanga, naye akaitika. Hakuinunua mpya. Ilikuwa kwanza ya daktari wa pwani, ikawa ya mwenye shamba wa Tanga, ndipo ikasafirishwa kwa meli, ikapakiwa kwenye behewa na kushushwa Morogoro, rangi imekwanguka na kiti kimoja kimepasuka. Aliyemuuzia alimwambia kwamba inakunywa mafuta kidogo. Kidogo! Wauzaji wa vitu vilivyochakaa wana namna yao ya kulitumia neno hilo. Si mafuta ya kuwashia moto yaliyokuwa yakipungua, ni yale mazito ya kulainisha vyuma ndani ya injini. Ikitoka Morogoro imejaa, ilifika Mkuyuni imekauka, na dereva asipoongeza, vyuma vinaanza kulia.

Bwana Ulanga alimwita Badrudin, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye pia alitengeneza cherehani. Bwana aliona mashine ni mashine. Badrudin alitandika marekani chini ya motokaa, injini ikanguruma tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kitambaa kikabaki cheupe hata akakirudisha dukani kuuzwa. Akashika leso kwenye bomba la moshi, nayo haikupata doa. Akabadilisha pete za ndani ya injini zilizoagizwa kwa meli. Mafuta yakaendelea kupungua. Badrudin akanawa mikono, akasema hayavuji wala hayaungui, ila yanakwenda kwa watu.

Bwana akasikia wizi. Dereva wake, Rehani, kijana wa mjini asiyejua hata kuiba muda wa kazi, akalazwa kifudifudi, akala viboko hamsa wa ishirini. Kisha Bwana akafunga kifuniko cha mafuta kwa kufuli, akaendesha mwenyewe, Rehani ameketi pembeni kwa ubavu mmoja kwa sababu ya majeraha. Walipofika Mkuyuni kufuli ilikuwa imefungwa na mafuta hayamo. Tangu siku hiyo Bwana hakuuliza tena yanakokwenda. Aliuliza yatakakotoka mengine, na hiyo ndiyo kawaida ya mwenye nguvu. Mafuta ya Ulaya yalikawia baharini, lakini injini ilikubali ya nyonyo bila ubishi, na nyonyo huku milimani huota hata jalalani. Akida Ahmadi akapewa amri, naye akaipeleka kwa majumbe: kila nyumba kibuyu, kila siku ya soko. Amri haikusema itakoma lini.

Sasa, kwa watu wa upande ule mwali hatoki mpaka apakwe mafuta ya nyonyo toka utosini hadi visiginoni. Tena si ya dukani. Yawe yamekamuliwa na wanawake wa ukoo wa mama yake, kwa kuwa mtoto ni wa mama, na baba, hata akipendwa vipi, ni mgeni wa heshima. Asiyepakwa hajatoka. Asiyetoka haolewi, hachoti maji, wala haketi na wanawake msibani, na akifa analiliwa kama mtoto mdogo. Asia alikuwa ameingia ndani kabla motokaa haijaja Morogoro. Wenzake walioingia nyuma yake, wa vijiji vya mbali na barabara, walikwishatoka, wengine wananyonyesha. Kila Pili alipojaza kibuyu, tarishi alikuwa mlangoni. Mikidadi, kijana wa Mlali aliyemposa Asia, alikuwa mtu mwema, lakini mama yake alianza kuuliza kama huyo mchumba ni mtu au ni hadithi.

Asia mwenyewe alianza kuchoka. Utani wake ulipungua. Siku moja alimwambia mama yake kwamba amesahau upande mlima ulipo, akaomba aonyeshwe kwa kidole ukutani. Pili akamwonyesha, kisha akatoka nje akalia, akarudi kutwanga.

Habari za wafu zilifika kupitia kwa wanawake wa sokoni, zimechanganyika na habari za bei ya ndizi. Walisema kwamba wakati wa magharibi, pale kona ya mawe chini ya Mkuyuni, wale waliokufa wakijenga barabara huketi kwenye ukingo wakipakana mafuta migongoni, na kwamba mmoja wao ni Mwinjuma, mume wa Pili. Hakuna aliyeshangaa. Kila mtu alijua walipo. Mwamba ulipowaporomokea, msimamizi hakutaka kazi isimame, akaamuru wafukiwe hapo hapo na kokoto zimwagwe juu. Hawakuoshwa, hawakupata sanda, hawakupata hata mtu wa kuwafumba macho. Barabara ilipita juu yao na motokaa ikapita juu ya barabara.

Pili alikwenda siku ya soko, akauza ndizi zake, akajikawiza makusudi. Jua lilipozama aliwakuta wamejipanga ukingoni, ngozi zinameremeta. Aliwasalimu wote, wakaitika. Mwinjuma akasogea kumpisha nafasi, akamuuliza habari za nyumbani, naye Pili akasema nzuri, kama inavyopasa, kabla ya kusema neno lililomleta.

“Hayo uliyojipaka ni ya mwanao,” akamwambia. “Kwa sababu ya hayo Asia hatoki.”

Mwinjuma akaitazama mikono yake. Alieleza kwamba walizikwa wakavu, ngozi ikawapasuka, wakawa wanaumwa na vumbi mchana kutwa. Motokaa ilipopita mara ya kwanza waliomba tone tu, nayo ikawapa. Ilikuwa mashine yenye huruma, alisema, pengine kwa kuwa na yenyewe ilikuwa imechoka. Hawakujua yanatoka kwa nani, walidhani ni ya Mdachi.

“Nitayarudisha,” akasema. “Kesho nitakuja mwenyewe.”

Kesho yake magharibi alikuja kweli, akavua majani yaliyomganda miguuni, akapiga hodi. Alijikwangua mafuta mwilini kwa viganja, akampaka Asia: nywele, mabega, mikono, miguu, katikati ya vidole. Asia alisema mikono ya baba ni ya baridi, halafu akafumba macho, akamwacha ampake. Yalikuwa mafuta meusi tititi na yananuka chuma. Baba alipoondoka alikuwa amepauka kama jivu la jikoni.

Mosi, kaka yake Pili na mjomba wa mwali, aliitwa kuamua. Ni yeye mwenye neno kwenye ukoo, na alikuwa mtu wa kufuata taratibu hadi kuudhi. Aliyanusa mafuta, akayasugua kati ya vidole. Pili alikaa chini akingoja, maana huyu akisema hapana, basi ni hapana.

“Mbegu zetu, kinu chetu, wanawake wetu,” Mosi akasema mwishowe. “Yamepita kwenye motokaa, yamepita kwa marehemu. Mto ukipita kwa jirani haugeuki kuwa wa jirani. Mwali ametoka.”

Basi ngoma ikapigwa. Asia alitoka asubuhi amebebwa mabegani, mweusi anang'aa, shanga shingoni, macho chini kama alivyofundwa, ila alipopita karibu na mbuzi wa jirani alitoa ile honi, kwa sauti ndogo, na wasichana wakavunjika kwa kicheko. Mikidadi alikuja na nduguze kutoka Mlali. Mama yake alimtazama mchumba, akapiga vigelegele kabla ya watu wote. Pili alicheza mpaka kanga ikamlegea kiunoni. Nasema alifurahi, na asitokee mtu wa kuniambia furaha ile haikuwa kitu.

Akida Ahmadi alikuja kula pilau, kama anavyoalikwa akida kila penye shughuli. Alikuwa amempakia mwanawe mdogo begani na hakuwa na nia mbaya na mtu. Lakini mwali alipopitishwa mbele yake alinusa, akaweka tonge chini. Harufu ile aliijua, maana aliyasimamia mafuta yale yakitiwa kwenye injini kila wiki. Akamaliza kula kwanza, kwa adabu. Kisha akatuma mtu kwa Bwana.

Bwana Ulanga alifika kwa motokaa yenyewe, vyuma vinalia. Alimzunguka Asia, akamgusa bega kwa kidole kimoja chenye glavu, akakitazama kidole. Hakukasirika. Kusema kweli alifarijika, kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta mfukoni. Alimwambia akida kwamba sasa tundu limeonekana, na kwamba mafuta ni ya motokaa, yarudi kwenye motokaa.

Mosi alisimama akaeleza habari ya mbegu na kinu, kwa utulivu, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Akida aliitafsiri yote vizuri. Bwana alisikiliza, akatazama saa yake.

Ikabaki kuamuliwa nani atamkwangua. Akida Ahmadi alisema, mbele ya watu wote, kwamba mwanamume hamgusi mwali, ni haramu na ni aibu, yeye hataruhusu jambo kama hilo katika uakida wake. Watu wakakubali kwamba hilo ni kweli. Kwa hiyo Pili akapewa ubapa wa mwanzi. Wanawake wakazungusha kanga, na ndani ya zile kanga mama akamkwangua mwanawe, nywele, mabega, mikono, katikati ya vidole, akikinga kwa bakuli. Kila alipopita ubapa, ngozi ilibaki na mstari mkavu. Husemwa maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta yalizoleka vizuri sana. Rehani aliyamimina kwenye injini, motokaa ikawaka kwa pigo moja, na vyuma havikulia tena.

Ngoma ilivunjika. Mosi, ambaye hakupindisha taratibu hata kwa faida yake, alisema kwa sauti iliyokauka kwamba mwali aliyepanguswa mafuta kabla ya jua kuzama hajatoka. Asia akaingia ndani kwa miguu yake mwenyewe, hakusubiri kushikwa mkono.

Magharibi ile ile Mwinjuma alirudi. Alikuwa amesikia. Wenzake wa kona ya mawe walikuwa wamemchangia, kila mmoja sehemu yake, kwani wote walikuwa na watoto, nao wakabaki wamepasuka ngozi kama walivyokuwa zamani. Alimpaka Asia vizuri kuliko mara ya kwanza. Asubuhi akida alimtuma Rehani kuangalia tu, kwa tahadhari. Akamkuta mwali anang'aa.

Yakakwanguliwa. Motokaa ikaenda Mkuyuni, ikawadondoshea wafu njiani, wafu wakachanga, baba akampaka binti, na asubuhi yakakwanguliwa tena. Hata tone halikupotea. Bwana Ulanga alimwambia mwenzake wa shamba la mpira kwamba motokaa kuukuu haina ubaya, mtu ajue tu kuitunza. Badrudin alipoulizwa mjini alisema alikwishasema. Amri ya vibuyu haikuondolewa, maana hakuna aliyemkumbusha Bwana kuiondoa, na akida aliona vibaya kuwa na chombo kisicho na akiba. Mikidadi alisubiri mpaka zikapita mvua za vuli na masika, akaoa Mlali kwa jirani. Alituma salamu.

Pili alijaribu njia iliyobaki. Alimngoja mumewe nje ya mlango, akamsihi asije tena. Alimwambia kwamba asipompaka Asia hakutakuwa na cha kukwangua, labda watasahau, labda siku moja yeye atapata kibuyu kimoja cha kuficha. Mwinjuma alisimama pale, mafuta yanamdondoka viganjani.

“Namsikia ngozi inamkwaruza akijigeuza kitandani,” akasema. “Wewe ungepita mlangoni usiingie?”

Pili akamsogezea pazia.

Asia hakuigiza tena honi. Alisema baba ana mikono ya baridi lakini ndiyo mikono pekee inayompapasa bila ubapa, na mama yake akainamisha kichwa, kwa kuwa ilikuwa kweli na haikusemwa kwa ubaya. Siku hizo hakuuliza tena mlima uko upande gani.

Rehani ndiye anayekuja kila asubuhi na kopo. Ni kijana mwenye heshima. Husimama uani, akaugeuzia mlango kisogo asije akamwona mwali, akanyoosha kopo nyuma yake. Anasema shikamoo mama. Pili hutoka na bakuli, akamimina taratibu yasimwagike, akamwitikia marahaba.