Wanaoendelea

"Kumi na wawili," Mzee wa Geti alimwambia mwalimu mratibu. "Nimehesabu tena. Ni kumi na wawili tu."

"Ndiyo, mzee. Wale wanane wengine usiwaruhusu kuingia. Wakilia, wazazi wanipigie simu." Mwalimu alikuwa na haraka, amekumbatia kompyuta na bunda la karatasi. Kisha akasita, akakumbuka anaongea na nani. "Pole sana, mzee. Lakini asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Ni kweli, mwalimu."

Ni kweli, mwalimu! Hayo ndiyo majibu ya mtu aliyelinda geti la shule miaka kumi na moja. Orodha ya wanaoendelea alipewa tangu jana saa kumi jioni, nakala moja aibandike kwenye ubao wa nje, nyingine abaki nayo. Akaisoma kutoka juu hadi chini, na jina la binti yake halikuwemo. Akaenda nyumbani, akala, akamtazama binti akichonga penseli mbili kwa wembe kwa ajili ya asubuhi, akalala. Hakusema. Alfajiri akawahi zamu, hakusema. Muoga tu, tusimpambe.

Muhula mzima, kila Jumamosi, wanafunzi ishirini wenye vipaji walikusanywa hapo kutoka shule mbalimbali. Walijenga madaraja ya vijiti, wakapasua macho ya ng'ombe, wakapewa hesabu zisizokuwa kwenye kitabu chochote. Binti wa mzee, miaka kumi na tatu, wenzake walimbatiza Kikokotoo, maana wao wakiwa bado wanatafuta kalamu, yeye jibu keshalitaja. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," walimu walimtania mzee. "Kumbe na wewe akili unazo, unazificha chini ya kofia!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kofia akawa anaivaa imenyooka.

Ila kazi ya mwisho ilitakiwa ichapwe, na michoro itoke kwenye kompyuta. Binti aliandika yake kwa mkono, majedwali akayapiga rula jikoni usiku wa siku tatu mfululizo. Vigezo ni vigezo, mwalimu alisema.

Watoto wakaanza kufika. Mzee akawa anatia alama kwenye majina, mmoja mmoja. Wawili walikuwa wameshaona ubao, hawakusogea hata getini, wakageuza na baba zao. Saa tatu kasoro robo binti akatokea kwa miguu, kola imepigwa pasi mpaka inang'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alimwita mama kwa sababu alibeba jina la mama yake mzazi.

Binti akainama kupita mlango mdogo wa geti. Mkono wa mzee ukanyooka wenyewe na kumzuia, kama unavyomzuia mtu yeyote.

"Baba?"

"Hawakukuweka, mama."

"Wapi?"

Akampa karatasi. Binti aliisoma yote, mpaka tarehe, mpaka muhuri.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

Huyu mtoto na namba zake. "Saa kumi."

"Kabla sijachonga penseli," binti alisema. Hakuwa anauliza.

Mzee akangoja amlilie, au amtukane, au yeye mwenyewe aone aibu. Wapi! Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, lakini ukiufinya hausikii. Mtoto naye uso wake ulikuwa vilevile, umetulia, mkavu.

"Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimemwambia mama narudi saa saba." Akaketi kwenye kiti cha mzee kibandani, akapakata mkoba.

Darasani, ng'ambo ya uwanja, kitu kikaanguka na watoto wakacheka kwa pamoja. Binti hakugeuza shingo.

Gari likapiga honi nje. Mzee alitaka kwenda akashindwa. Binti akaweka mkoba chini, akatoka, akavuta komeo kwa mikono miwili, akalisukuma geti kwa bega mpaka likafunguka lote.

Kioo cha nyuma kikashushwa. Alikuwa yule rafiki yake wa miwani, waliyejenga naye daraja. "Kikokotoo! Nimechelewa leo, baba alipotea njia. Wameanza? Panda twende!"

"Nendeni tu," binti alisema. "Mimi leo niko getini."

Rafiki akacheka, akidhani ni utani. Gari likapita. Binti akalirudisha geti, akarudisha komeo, akapangusa vumbi mikononi kwa sketi. Hapo ndipo mzee alipoanza kuumia, kifuani, maumivu makali hasa, mpaka akashika nguzo ya kibanda.

Honi nyingine ikalia. Binti alikuwa ameshashika komeo.

"Acha, mama," mzee akasema. "Hiyo si kazi yako."

Binti akamgeukia, akamtazama mwanzo mwisho, kofia mpaka buti.

"Ni ya nani?"

Nje, honi ikapigwa mara ya pili.