Rangi Nyeusi Chini ya Kobe

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mapaa, na manyunyu yalidondoka kivivu, kama mtu anayelia huku amechoka kulia. Cheche aliyapenda manyunyu ya namna hiyo, maana mchomeleaji hushinda na moto siku nzima. Lakini aliposukuma geti la nyumbani kwa mama yake na kuchungulia uani, joto lilimpanda mpaka masikioni.

Kobe alikuwa amepakwa rangi kwa chini.

Kobe ndilo jina walilolipa gari la marehemu baba yao, gari la zamani la porini lenye mgongo wa turubai, lililopanda milima kabla Cheche hajazaliwa. Baba alipostaafu alianza kulifufua, na Cheche, kitinda mimba wake, akawa mkono wake wa pili. Injini waliimaliza. Mlango mmoja ulirudi mahali pake, wa pili bado ulikuwa umeegemezwa ukutani. Ndipo Mungu akamchukua baba, na kazi ikabaki nusu. Sasa kaka yao mkubwa aliutaka ule ua ajenge vyumba vya kupangisha, na wote walikubaliana gari liuzwe. Cheche aliweka sharti moja tu: liuzwe kama lilivyo, na mnunuzi aonyeshwe ubovu wake wote.

Yeye na baba walikuwa na mtindo wao wa kazi. Mahali palipoliwa na kutu palichorwa msalaba wa chaki. Pakishachomelewa, mmoja aligonga kwa nyundo na mwingine akasikiliza. Chuma kikilia kama kengele, ndipo kopo la rangi lilipofunguliwa, si kabla. Kwa hiyo katika nyumba ile rangi nyeusi ilikuwa na maana moja: hapa pamekwisha, lala chini yake ukitaka.

Cheche aliinama. Misalaba aliyoichora kwenye chesisi ya nyuma, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima, haikuwapo. Palikuwa na weusi mtupu, unang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Hata salamu hakuna?" Kaka alisema. Alikuwa amesimama na wageni, funguo zikining'inia kidoleni. "Huyu ni mdogo wangu. Msimjali, ameamkia upande wa kushoto."

"Salamu zitakuja, Kaka. Nani amepaka rangi huku chini?"

"Mimi. Si nimekusaidia? Hebu wasalimie wageni."

Wageni walikuwa mfuga nyuki, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, na mkewe. Walitafuta gari la kupandishia mizinga mlimani na kushushia asali.

"Mimi nilimwambia mzee," mke wa mfuga nyuki alisema. "Gari linalong'aa tumboni kuliko usoni lina jambo lake."

"Lina jambo, mama," Cheche alijibu, na tayari alikuwa amelala chali kwenye tope, nyundo mkononi.

Aligonga chesisi ya mbele. Ikalia vizuri. Aligonga ya nyuma. Ikatoa sauti kama ya kugonga godoro.

"Cheche, toka huko!" Kaka alifoka. "Unaniaibisha!"

Cheche alichomeka bisibisi kwenye ule weusi na kuizungusha. Rangi ilipasuka kama ganda la yai, na tunduni kikatoka kitita cha gazeti kilicholowa. Akavuta kingine. Na kingine. Alipotoka alikuwa navyo viganjani.

"Kaka, umeshikiza chesisi kwa magazeti?"

"Ningeiacha ile michaki yako nani angenunua? Kila mteja anaangalia chini, anatingisha kichwa, anaaga! Gari lenyewe halitakimbia, litatambaa tu na mizinga."

"Litatambaa mlimani! Likikatika kwenye kona na hawa wawili ndani, utaenda kuwazika na magazeti yako?"

Mfuga nyuki alimsogelea Kaka mpaka pua zao zikakaribiana. "Mke wangu ndiye hukaa nyuma, anashikilia mizinga," alisema polepole. "Uliniangalia machoni, bwana mkubwa. Ukaniambia ni zima."

Kaka alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa gari.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama, khanga begani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Jumapili niliona ile rangi," alisema. "Nikajua wanangu wamemaliza kazi ya baba yao. Nikasimama ibadani mbele ya watu wote, nikamshukuru Mungu. Nikalia. Na wewe, mwanangu mkubwa, ulikuwa umekaa kando yangu, ukanipa kitambaa."

Cheche hakuwa na habari ya jambo hilo. Hasira aliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa ya chuma. Hii ya sasa ilikuwa ya Mama. Aliomba kimoyomoyo, "Bwana, uushike huu mkono wenye nyundo," kisha akaiweka nyundo juu ya boneti, mbali naye.

"Ulimwacha Mama amshukuru Mungu kwa magazeti," alisema. "Ukampa na kitambaa."

Kaka alinywea. "Basi mnataka nini? Nipige magoti?"

"Utapiga," Mama alisema. "Chini ya gari, na brashi ya waya."

Mke wa mfuga nyuki aliguna. "Sisi Kobe tunamtaka. Uongo ndio hatuutaki. Akitengenezwa, tutarudi."

"Nitachomelea mimi," Cheche alisema. "Kwa ajili ya baba, si kwa ajili yake. Lakini kwanza aseme."

Kaka alinong'ona kitu akiangalia viatu vyake.

"Sema kwa sauti! Sikio la kushoto la Mama halisikii vizuri siku hizi, na wageni wako wamesimama pale."

Kaka aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti bado ina ubishi, lakini ilitoka na kufika getini.

"Mbele ya mama yangu, mdogo wangu na nyinyi wageni: rangi yote niliyopaka nitaikwangua kwa mikono yangu. Kobe hatatoka kwenye ua huu mpaka chesisi ya nyuma ilie, na mama asikie kwa sikio lake bovu. Na kesho ibadani nitasimama mimi, niseme nilichofanya."